Vocha ya Baba

Nina hasira za karibu, hilo nalijua, na watu wa hapa mjini, Mazwi, wanaoniletea nguo za kushona wanalijua zaidi. Lakini hasira inayonila mpaka leo ni ile niliyommwagia mtu asiye na kosa, naye ni mama yangu.

Baba alikuwa na pumu. Waliishi wawili tu Kasense, na kila Jumamosi nilimrushia mama vocha. Niliiita vocha ya baba. Kazi yake ilikuwa moja: kifua kikibana, mama abonyeze kitufe cha mbili, bodaboda tuliyepatana naye aje amkimbize baba hospitali. Si mbali na mjini. Ukipiga simu, pikipiki inafika kabla ugali haujaiva.

Kwaresima ile goti la mama likagoma kwenda kanisani. Nikamwandikisha kwenye huduma ya simu: kila asubuhi anapigiwa, sauti inamsomea masomo ya siku. Wiki moja tu, na nililipia mwenyewe. Mama aliipenda mno. Sauti ilianza kwa salamu, naye alikuwa anakaa chini kabisa, simu mapajani, anapiga makofi taratibu kama tunavyowasalimia wakubwa huku Ufipa. Baba alimcheka.

"Hiyo ni mashine, bibi wewe."

"Mashine imetusalimu," mama akamjibu. "Tuinyamazie?"

Wiki ikaisha. Mama akaniambia bado wanampigia. Sare za shule zilikuwa zimenijaa mezani, nikamtania kwamba basi wamempenda, asikilize tu. Sikufikiria zaidi ya hapo.

Kisha vocha ikaanza kuisha katikati ya wiki. Nikajua ni stori na mama mdogo aliyeko Muze, maana wale wawili wakianza hawamalizi. Nikampigia mama nikafoka. Hiyo vocha si ya umbea, nikamwambia, hiyo ni pumzi ya baba. Akasema, "Nimesikia, mwanangu. Nitajibana."

Alijibana kweli. Alimpigia mdogo wake mara moja tu, kumuaga kwamba hatapiga tena.

Siku kifua cha baba kilipobana ilikuwa asubuhi, msimu wa kuvuna ulezi, majirani wote wako mashambani. Mama akabonyeza mbili. Akaambiwa salio lake halitoshi. Akabonyeza tena, akaambiwa hivyo hivyo. Hata kubipu haikuwezekana. Akamwacha baba ameegemea ukuta, akaenda na goti lile lile bovu kutafuta mtu mwenye simu. Pikipiki ilipofika, baba alikuwa bado ameegemea ukuta, lakini alishakata roho.

Baada ya matanga nilichukua simu ya mama nikaenda nayo kwenye ofisi ya kampuni ya simu mjini. Binti wa kaunta akaangalia kompyuta yake. Kumbe yale masomo yalikuwa yanajihuisha yenyewe, na kila asubuhi yanakata vocha. Hakuna ujumbe uliotangulia, hakuna aliyeuliza.

"Mteja mwenyewe ndiye aliyeendelea," binti akasema kwa upole. "Asiyetaka anakata simu kabla ya baraka ya mwisho. Akisikiliza mpaka mwisho, mfumo unahesabu amekubali."

Nikamwambia haki ya mteja ni kuambiwa mapema, aulizwe, na ajibu mwenyewe. Nikamuuliza ni mama gani wa huku atamkatia simu mtu anayembariki. Kwetu anayebarikiwa anatulia, anapiga makofi, anamwacha mwenzake amalize. Mmechukua adabu ya mama yangu mkaifanya saini, nikasema, na sauti yangu ilifika barabarani. Binti akanisogezea fomu ya malalamiko. Niliijaza nikilia, nimemkasirikia yeye na kampuni yake, na mimi mwenyewe zaidi, kwa sababu mama aliniambia bado wanampigia.

Simu nikamrudishia mama kwa bodaboda; siku chache baadaye nilikwenda Kasense kumweleza ukweli wote. Asubuhi hiyo hiyo kampuni ilikuwa imerudisha vocha yote iliyokatwa, pamoja na ujumbe wa samahani kwa usumbufu. Mama kusoma kunampa taabu, lakini kuuliza salio anajua. Nilimkuta amekaa chini, simu kaishika kwa mikono miwili.

"Mwanangu," akasema, "umenitumia vocha nyingi mno. Irudishe. Ile ya baba yako niliimaliza mimi, siku ile nilipomuaga mdogo wangu. Na wewe ulishanikataza."

Nilitaka kumwambia. Lakini ningelazimika kumwambia kwamba aliyeimaliza ni ile sauti aliyokuwa akiipigia makofi kila asubuhi, na kwamba aliyeileta nyumbani kwake ni mimi.

"Usijali, mama," nikasema.

Akanishukuru kwa kumsamehe.