Bibi, Meja na Mfuko wa Unga

Ijumaa iliyopita bibi yangu alimwambia meja mstaafu "kaa chini" mbele ya shule nzima.

Na meja akakaa.

Ngoja nianze mwanzo.

Mimi ni yule wa dawati la nyuma. Mwalimu akiita majina nanyoosha mkono tu. Darasani wananiita Kimya.

Sasa mwalimu wa historia, sijui nilimkosea nini, akanipa mdahalo: bunduki nyepesi za kijeshi zinafaa vitani na mawindoni. Mtetezi mkuu, mimi. Nikifunga mdomo, kundi zima sifuri.

Nyumbani nikaona nimepona. Babu alikuwa jeshini, mjomba anawinda nguruwe pori wanaoharibu mashamba. Nikawauliza.

Kosa hilo.

"Nyepesi ndiyo bunduki," babu akasema. "Mimi na yangu tulikuwa pete na kidole."

"Mzee, hiyo ya kufukuzia kuku," mjomba akajibu. "Mpige nyati uone. Atageuka aulize nani kamtekenya."

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Daftari langu tupu.

Bibi, aliyekuwa anachambua maharage, akaniita uani.

"Mke mwenzangu, shika hii."

Mfuko wa unga, kilo tatu. Akanizungusha uani mara ishirini. Kisha akanipa wa kilo tano. Raundi ya nane nikakaa chini mwenyewe.

"Umeona? Askari anatembea kutwa. Bunduki ikiwa nyepesi na risasi ndogo, anabeba nyingi. Tena haimpigi teke begani, risasi ya pili inaenda palepale."

"Na mawindoni?"

"Vitani ukimjeruhi adui umeshamtoa, na wenzake wawili wanambeba. Mnyama ukimjeruhi umemtesa bure. Swala, tena wa karibu, ukilenga vizuri, sawa. Nyati achana naye."

"Bibi, umejuaje haya?"

"Wanaume wanapiga kelele, mimi nasikiliza."

Nikaamini, mjinga mimi.

Siku ya mdahalo jaji alikuwa meja mstaafu, mgongo umenyooka kama rula. Bibi kakaa benchi la nyuma kabisa.

Nikasimama. Sauti ikagoma.

"Kimya kafika," mtu akasema, ukumbi ukacheka.

Nikamtazama bibi. Akainua mkoba wake kidogo, kama anaupima uzito.

Kicheko kikanitoka, na maneno yakafuata. Nikaeleza kilo tatu, kilo tano, raundi ya nane. Nilipofika kwenye teke la begani, meja akainuka.

"Binti, hayo ya unga kakufundisha nani?"

Nyuma kukatoka sauti: "Kaa chini, kuruta. Mtoto hajamaliza."

Meja akageuka, akatoa macho, akakaa.

Nikamaliza. Nikasema na ukweli wa nyati, ingawa ulikuwa unauumiza upande wangu mwenyewe. Tukashindwa kwa alama moja, lakini sifuri hatukupata.

Meja akatembea mpaka benchi la nyuma, akapiga saluti.

"Sajenti."

"Bado unafumba jicho kabla ya kufyatua?" bibi akamuuliza.

Kumbe bibi ndiye aliyemfundisha meja na wenzake kulenga, enzi zake jeshini. Na kila kuruta wake alianza kwa kuzunguka uwanja na mfuko wa unga.

Njiani nikamuuliza, "Na babu je? Na yeye ulimfundisha?"

"Babu yako alikuwa mpishi wa kambi. Unadhani unga nilikuwa napewa na nani?"

Jioni babu akaanza tena: "Mimi na bunduki yangu..."

"Babu," nikasema, "ilikuwa ya kilo tatu au ya kilo tano?"

Akamtazama bibi. Bibi akainamia maharage yake, mabega yanatikisika. Mjomba hajaelewa kitu mpaka leo.

Basi ndugu zangu, ukitaka kulijua jambo, usimkimbilie mwenye sauti kubwa. Angalia kwanza nani anachambua maharage.

Na kama anayechambua ni wewe, zamu yako ikifika, sema. Mimi nilitetemeka, lakini nilisema.