Miche Mitano Niliyoibadilisha

Nilikuwa nafundisha biolojia kidato cha pili katika shule ya kata hapa Igogo, kando ya ziwa, na ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka. Maabara yetu ilikuwa chumba chenye meza ndefu na sinki lisilotoa maji. Niliandika ubaoni, wanafunzi wakanakili. Nikiuliza swali walijibu wote kwa pamoja, kama wanaimba.

Ndipo tukaletewa mtafiti wa udongo awe mlezi wetu katika majaribio ya sayansi. Alikuwa mama wa Kihaya, mpole, anayefanya kazi upande wa Misungwi. Wanafunzi walimwita Dokta. Alikuwa akija mara mbili kwa mwezi. Siku nyingine nilipiga picha kurasa za daftari letu la majaribio na kumtumia kwa simu.

Siku ya kwanza hakufundisha chochote. Aliuliza tu, "Nyumbani kwenu mnaamini nini kuhusu mimea, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukipima?"

Binti mmoja aliyekaa nyuma, ambaye mama yake anauza dagaa ufukweni, akasema kwa sauti ndogo, "Mama anaumwagilia mchicha maji aliyooshea dagaa. Anasema unanenepa."

Darasa zima likacheka. Dokta hakucheka. "Tutajuaje kama ni kweli?" akauliza.

Basi tukapanda mchicha kwenye makopo kumi matupu ya rangi, mche mmoja kila kopo, tukayapanga nyuma ya maabara. Matano tuliyamwagilia maji ya bomba la nje, matano maji ya dagaa ambayo yule binti aliyabeba kutoka nyumbani kwenye kidumu. Kila siku baada ya vipindi wanafunzi walipima urefu kwa rula na kuhesabu majani, na yule binti ndiye aliyeandika daftarini.

Wiki ya pili miche ya maji ya dagaa ikaanza kuwa ya njano. Harufu nayo ikawa kali. Wenzake wakaanza kumtania, wakimwambia mama yake anapika mboga iliyooza. Na Jumatatu Dokta alikuwa anakuja.

Jumapili nilipotoka kanisani nilipitia nyumbani, nikang'oa miche mitano kwenye bustani yangu, nikaenda nayo shuleni. Niling'oa ile iliyokuwa inakufa nikaitupa kwenye shimo la taka, nikapanda ya kwangu. Nilijiambia kwamba namwonea huruma yule mtoto. Lakini niliyekuwa namwonea huruma ni mimi mwenyewe. Sikutaka mgeni aone tumeshindwa.

Jumatatu tukakusanyika. Wakamwamkia Dokta, akaitikia marahaba, tukayazunguka makopo. Yule binti akafungua daftari, akainama, akatazama kwa muda mrefu.

"Mwalimu, huu siyo mche wetu."

"Kwa nini unasema hivyo?"

"Wetu ulikuwa na majani manne, na moja lililiwa na mdudu hapa pembeni. Huu una majani sita."

Wote wakanigeukia. Ningeweza kusema lolote, nao wangekubali, kwa sababu mimi ndiye mwalimu.

"Ni kweli," nikasema. "Nimeibadilisha jana. Ile ilikuwa inakufa, nikaona aibu."

Dokta hakunigombeza. "Iliyokufa iko wapi?" aliuliza. Tukaenda wote hadi shimoni, tukaiokota. Alipasua mizizi kwa kucha akawaonyesha jinsi ilivyokuwa ya kahawia, laini, imeoza.

"Hii ndiyo niliyoifuata," alisema. "Mimi nilipokuwa mwanafunzi nilichanganya vibao vya kutambulisha aina za maharage shambani, nikaficha kosa. Msimu mzima ukapotea kwa sababu ya aibu ya siku moja." Kisha akamwambia binti, "Andika kwamba mwalimu alibadilisha miche."

Binti akaniangalia, kalamu juu.

"Andika," nikamwambia.

Dokta akamuuliza tena, "Mama yako anayamwagaje hayo maji, hasa?" Jioni akaenda kumuuliza mama yake. Kesho yake alirudi na jibu: mama huyaacha siku kadhaa kwenye ndoo, huyachanganya na maji mengi ya ziwa, na humwagilia mara moja moja. Sisi tulikuwa tunamwaga makali, kila siku.

Tukaanza upya, safari hii kwa makundi matatu: maji makali, maji yaliyochanganywa, na maji ya bomba. Miche ya maji makali ikanyong'onyea kama mwanzo. Ya maji yaliyochanganywa ikatoa majani mapana, ya kijani iliyokolea. Ila kopo moja la maji ya bomba liliyapita yote, na hakuna aliyejua sababu. Walibishana mchana kutwa, nami nikawaacha wabishane.

Mama mwenyewe alikuja kuona. Binti yake alimsomea daftari lote, hata ule ukurasa wangu. Alinitazama, akacheka hadi akashika kiuno. "Kumbe mlikuwa mnaumwagia kila siku, Mwalimu? Hata mimi ningekufa!"

Binti huyo sasa yuko kidato cha tano, mchepuo wa sayansi, na bado anatumiana ujumbe na Dokta.

Juzi kidato cha kwanza waliniletea gunia la magugu maji, likichuruzika matope hadi mlangoni. Walitaka kujua kama yanaweza kuwa mbolea ya nyanya.

Nikawaambia sijui. Nikaenda kutafuta makopo.