Kitanda cha Mama Mkwe

Mimi Zadock nimeuza ng'ombe miaka ishirini na sijawahi kuiba hata kuku. Sasa sikia upumbavu wangu.

Nilinunua mtamba mwekundu soko la Ogwedhi, nikampeleka Homa Bay kwa kina mke wangu, awe wa mahari. Barua ya chifu wa muuzaji, ya kuthibitisha kuwa nimemnunua kihalali, ilikuwa mfukoni mwa koti. Kabla sijamaliza chai, polisi wawili wakaingia bomani. Mtu wa Uriri alikuwa ameibiwa mtamba wa rangi hiyo hiyo, wakataka niende kituoni nikajieleze. Basi.

Mtu mwenye akili angetoa barua. Mimi nilitoka mbio. Mmoja wao, Afisa Levi, akanishika shati, nikampiga kiwiko cha mdomo, nikaingia mlango wa kwanza niliouona wazi, nikapitiliza hadi chumba cha ndani. Hapo nikajitupa chini na kukumbatia mguu wa kitanda.

Kilikuwa kitanda cha mama mkwe. Kwetu Wajaluo, mama wa mke wako humpi hata mkono, sembuse kuona anapolala. Levi alinivuta miguu, kitanda kikafuata, na mama mwenyewe amesimama mlangoni anaona. Alijifunika uso kwa leso, akaenda jikoni, na tangu siku hiyo analala huko huko.

Barua iliposomwa, maneno ya wizi yakaisha. Likabaki shtaka la kukaidi kukamatwa, hilo nililojitafutia mwenyewe. Mke wangu Pauline akaniambia mama ameandikwa shahidi. Aulizwe mbele ya watu nilipatikana wapi? Afadhali jela. Nikaamua nitakubali kosa mapema, asiitwe.

Siku ya korti nikakubali. Nilimwona mama mkwe ameketi nyuma kabisa, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile nikajiona mtu.

Kumbe sikujua mambo ya korti. Ukikubali kosa, kiongozi wa mashtaka husoma yote yaliyotokea. Alisoma polepole, mpaka chumba, mpaka mguu wa kitanda. Watu wakacheka. Mama akainuka, akajifunika leso ile ile, akaelekea mlangoni.

"Maelezo haya ni ya kweli?" hakimu akaniuliza.

"Ni ya kweli, mheshimiwa."

Nilisema chini chini, sauti haikumfikia. Akaniambia nirudie kwa nguvu, na mama alikuwa bado hajafika nje.