Mawakala wa Mfereji Wetu

Mimi nina hasira za karibu. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nikiwa nimechelewa mahali. Niliporudi Ifakara baada ya miaka ya kuandika programu mjini, nilirudi nazo pamoja na laptopu.

Nilipanga chumba Kibaoni. Kazi nilipewa na wakulima wa mpunga, skimu ndogo ya umwagiliaji upande wa barabara ya Kiberege, ambako mama yangu mdogo na mumewe walikuwa na majaruba mawili. Walitaka niwaondolee ugomvi wa maji. Mfereji ulikuwa mmoja, na mgawa maji mmoja, mzee wa gambuti na koti la mvua hata jua likiwaka, alikuwa akifungua malango kwa kichwa chake. Leo anampa huyu, kesho yule. Ukimuuliza kwa nini, anakujibu, "Yule ana shida." Shida gani? Hasemi. Mambo ya namna hiyo yananichefua.

Nikaona hii ni kazi ya mawakala. Wakala, kwetu waandika programu, ni programu ndogo inayosimama badala ya mtu. Ina yale inayoyaamini, ina inachokitaka, na ina mipango ya kukipata. Nilianza na lugha niliyoizoea, ile ya kuandika kila hatua, nikajikuta natunga "kama hivi, basi vile" hadi macho yanauma. Baada ya wiki tatu nikaitupa, nikahamia lugha iliyotengenezwa kwa ajili ya mawakala. Humo unaandika karibu kama watu wanavyosema: naamini jaruba limekauka; nataka maji; mwenzangu akiniachia zamu, nitamrudishia. Nilicheka peke yangu chumbani siku walipoanza kupatana bila mimi.

Jukwaa ambalo mawakala hutumiana ujumbe nalo lilikuja na taratibu zake tayari: namna ya kutangaza zamu, ya kuomba, ya kukubali na ya kukataa. Nilizichukua zilivyo. Zimeandikwa na watu waliosoma kunizidi, nizichokonoe ya nini?

Ikawa kila alfajiri wakala anamtumia mwenye jaruba ujumbe: leo unahitaji maji? Mtu anabonyeza moja kwa ndiyo au mbili kwa hapana kwenye simu yake ya kitochi. Mawakala wanapatana, kisha mgawa maji anapokea orodha ya malango ya kufungua. Wiki ya kwanza nilimkuta amefungua lango ambalo halimo kwenye orodha. Nikamfokea. Nilimwambia mbele ya watu waliokuwa wakipalilia kwamba kazi yake sasa ni kufuata ujumbe, si kufikiri. Yeye ni rika la babu yangu, na asubuhi ile ile nilikuwa nimempa shikamoo. Akalifunga.

Mpunga ulipokuwa unakaribia kutoa mashuke, baba mdogo akafariki. Aliugua siku mbili tu.

Kwetu mfiwa haombi kitu. Anakaa mkekani, wengine wanapika, wengine wanaleta kuni na kuchota maji. Nilikuwa hapo siku zote saba. Nilimenya vitunguu, niliosha sufuria kubwa za kuazima, niliongoza wageni chini ya turubai. Mama mdogo hakutoka ndani. Aliniuliza mara moja tu, siku ya tatu, "Mpunga wangu je?" Nikajua anachowaza. Mpunga ule ndio chakula chake cha mwaka, na sasa yuko peke yake na watoto. Nikatoa simu, nikaangalia. Mfumo ulikuwa umeandika kwamba hakuna mgogoro, wote wamepatana.

"Uko salama, mama," nikamwambia. Nilijivuna kidogo, nisiseme uongo.

Siku ya nane tulikwenda shambani pamoja. Majaruba ya jirani wa juu na wa chini yalikuwa yanameta maji. Ya kwake udongo ulikuwa umepasuka kiasi cha kuingiza kiganja, na mashuke yalikuwa yametoka meupe. Mama mdogo alichuma shuke moja, akalibonyeza kwa vidole. Hapakuwa na kitu ndani.

Nilikaa kwenye tuta nikafungua laptopu. Simu iliyoandikishwa ilikuwa ya marehemu, nami mwenyewe ndiye niliyeiandikisha. Ilikuwa imezimwa, imo sandukuni pamoja na nguo zake. Kwa taratibu za jukwaa lile, asiyejibu hadi muda umekwisha anahesabiwa amekataa, na zamu yake wanagawana wengine. Wakala wa baba mdogo alikuwa amemwuliza kila alfajiri, tangu alfajiri ile aliyofariki.

"Kimeandika nini?" mama mdogo akauliza.

Nikamsomea. Ameulizwa, hakujibu, amekataa maji. Nikarudia, maana mistari ilikuwa mingi na yote sawa.

"Baba yenu hajawahi kukataa maji," akasema, akaanza kulia. Pale msibani nilikuwa sijamwona akilia.

Nilizima mfumo wote pale pale. Mgawa maji alikuja akafungua bila orodha, na majirani waliposikia wakamwachia mama mdogo zamu zao za siku nne bila kuulizwa na mtu. Jaruba la chini lilipona nusu. La juu tulilifyeka, tukawapa ng'ombe wa Msukuma mmoja anayepitisha mifugo yake huko.

Kisha ukaitishwa mkutano. Nilisimama nikaeleza kosa lote, sikumbakizia mtu lawama. Nikasema sitaki kazi hiyo tena kama hawanitaki. Mwenyekiti wa skimu akauliza kama linaweza kurekebishika. Nikasema ndiyo, ni mistari michache: mtu akinyamaza, wakala asiamue, amtume mgawa maji akaangalie kuna nini nyumbani kwake. Watu wakaguna tu.

Nikamgeukia yule mzee. Nikamwomba radhi kwa siku ile, nikamuuliza mbele ya wote kama yeye aliona jaruba linakauka.

"Niliona siku ya pili," akasema. "Marehemu nilimzika mimi na hawa wenzangu, ningekosaje kujua? Siku ya nne nilikwenda, nikaushika mpini wa lango lake. Halikuwemo kwenye ujumbe wako. Nikakumbuka ulivyonisema, nikaona aibu kusemwa tena na mtoto. Nikauachia."

Hakusema kwa ubaya. Mama mdogo alikuwa amekaa nyuma yangu, na sikuweza kugeuka.