Wingu Kwenye Karatasi ya Saba

Basi lilimshusha mgeni sokoni, mguu mmoja umekufa ganzi, na mtu wa kwanza aliyemuuliza kuhusu ramani ya milima akamwelekeza kwa Mzee Rula. Ndivyo walivyomwita mchoraji wa ofisi ya upimaji. Alipaswa kustaafu miaka minne iliyopita, lakini kila mwaka aliomba aongezewe mwingine. Wenzake walimtania kwamba atazikwa ndani ya droo. Mkewe, aliyekwisha kuhamia kwa binti yao, alishachoka kumuuliza atakuja lini.

Mgeni, mwanamke mwandishi aliyezunguka nchi nyingi, alisema kesho anavuka milima kwa miguu. Akaomba karatasi ya saba ya ramani, ile ya milima hiyo.

Mzee Rula akasimama mbele ya droo ya ramani. Akadai karatasi imechanika. Mgeni akasema hata vipande vitamtosha. Akadai ufunguo umepotea. Mgeni akautazama ukining'inia shingoni mwa mzee.

"Mzee wangu, unanificha mlima?"

Mzee akafungua droo. Kontua, ile mistari ya kuonyesha mwinuko, zilikuwa nyembamba kama nywele, na njia ya nukta ilipenya kati ya vilele viwili. Mgeni akaisifu, akaanza kuinakili. Kila nukta ilimchoma mzee.

Alipoichora alikuwa kijana. Picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege zilionyesha wingu mahali pale, wapimaji walikuwa wamesharudi, na mkubwa wake alitaka karatasi iliyojaa ifikapo Ijumaa. Akakaa mezani, akajaza. Tangu hapo hakuthubutu kumwachia mtu droo ile. Mrithi wake angelinganisha ramani na picha, na mambo yangemwagika.

"Usiandike tena, mwanangu," alisema. "Hapo niliona wingu tu. Njia hiyo nimeitunga."

Penseli ya mgeni ikasimama. "Kuna aliyewahi kuifuata?"

"Sijui. Hilo ndilo linalonila miaka thelathini."

Akachukua wino mwekundu, akapazungushia, akaandika "hapajapimwa", na chini yake jina lake kamili. Kisha akapeleka ramani na picha kwa mkuu wa ofisi, mtu wa umri wa binti yake. Mkuu alilinganisha ramani na picha, akasema itabidi aandike ripoti, na mwaka aliokuwa ameongezewa kazini umefutwa. Mzee Rula akamshukuru mara tatu, hata mkuu akadhani amechanganyikiwa.

Asubuhi alipanda gari la kwenda kwa binti yake. Mgeni alimpungia mkono, kisha akarudi nyumba ya wageni kulipia wiki nzima na kuulizia mtu aliyewahi kufika kule juu.