Kilio Kilichosomwa Kabla ya Mechi

Mwenye kutaka kucheka acheke sasa, amalize, halafu anyamaze. Mimi sikusimuliwa. Nilikuwepo, nimekaa kwenye kiti changu, mikro mbele ya mdomo, na jua bado linamulika ziwa. Sikuwa nimelewa, sikuwa na malaria, na usingizi wa mchana Mungu hajawahi kunijalia. Unafikiri mambo haya hutokea usiku tu, kwenye njiapanda? Na mimi nilifikiri hivyo hivyo.

Nilikuwa mtangazaji wa redio moja ndogo pale Baraka, wakati wa vita ya pili, mji ukiwa mikononi mwa wenye bunduki, na sisi raia tumeshajifunza kusema "ndiyo, shefu" kabla hatujaulizwa. Redio yenyewe ilikuwa nyumba ya vyumba viwili. Ukutani tulitundika blanketi za msaada ili sauti isirudi, na nyuma ya nyumba kulikuwa na grupu ya umeme, jenereta, iliyokohoa kuliko mzee wa tumbaku. Lakini antena yetu ilikuwa nzuri, niamini. Ilivuka ziwa. Ndugu zetu waliokimbilia kambini ng'ambo, Tanzania, walitusikia kana kwamba tuko jikoni mwao.

Kila Jumamosi saa kumi ilikuwa zamu yangu, kipindi cha Wiki Inayokuja. Nilieleza vipindi tutakavyorusha juma zima, halafu mambo ya watu: kwaya ya Waprotestanti itaimba wapi, chanjo ya watoto itafika Nundu lini, salongo, ile kazi ya pamoja, ya kufyeka barabara, soko, mechi. Mwishoni kabisa tulikuwa tukisoma komunike za vifo, yaani matangazo ya misiba. Na hapo tulikuwa na desturi yetu: mtangazaji anasoma, lakini mwenye kuleta komunike anasogea kwenye mikro na kutaja jina lake kwa mdomo wake mwenyewe. Kwa nini? Kwa sababu vita ina uvumi mwingi kuliko risasi. Watu walishalia ndugu zao, wakanyoa na vichwa, kisha yule "marehemu" akashuka kwenye mtumbwi akiuliza kuna chakula gani. Baada ya hapo watu wa ng'ambo walikataa kuamini. Bila kusikia sauti ya mtu wa ukoo, hakuna aliyekalia kilio.

Basi wenye bunduki wakaingia kijiji kimoja kwenye barabara ya Nundu. Jina la kijiji naliacha, wenye nacho wanakijua. Tuliona moshi, tulisikia tulichosikia. Kesho yake komanda akaja redioni, akakaa kwenye kiti cha direkta, akasema kuanzia leo hapa hakuna kusoma vifo, vifo vinaharibu roho ya raia. Na watu wa kile kijiji hawakufa. Wamehama.

Wamehama! Direkta wetu, mtu aliyesoma, mwenye diplomu yake, aliitikia kwa kichwa mpaka nikaogopa shingo itachomoka. Wenye misiba walipokuja, alisimama mlangoni mwenyewe kuwarudisha. Mama mzee analia mbele yake, yeye anamwambia, "Mama, bale balihama." Nilimchukia mtu yule, sifichi, na mpaka leo sijapata sababu ya kuacha.

Jumamosi ninayoisema ilikuwa kiangazi. Mvua ilikuwa haijagusa Baraka, vumbi mpaka kwenye meno. Niliambiwa jambo kubwa la wiki ni mechi ya kesho, timu ya komanda dhidi ya vijana wa mji, na kila mtu ashangilie. Papa Wilondja, fundi wetu wa mitambo, alikuwa upande wa pili wa kioo. Nikamwashiria aweke wimbo wa kwaya ili nipumzishe koo, taa nyekundu ikazimika, mlango ukafunguka.

Akaingia mwanamke. Kijana bado, amejifunga kitenge kimoja, na alikuwa akichuruzika maji. Kiangazi kile, nasema, na maji yanamtoka kwenye nywele, yanashuka shingoni, yanadondoka sakafuni. Nikadhani ametoka kuoga ziwani. Lakini harufu haikuwa ya ziwa. Ilikuwa harufu ya mihogo iliyolowekwa ikapitiliza siku zake. Kila mwanamke wa kwetu anaijua, ndiyo harufu ya mabwawa madogo tunamolaza mihogo ilainike kabla ya kuanikwa.

"Dada, niko na komunike," akasema.

Nikamuuliza ya nini. Akasema ya kilio. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba imekatazwa, akimbie kabla direkta hajamwona, hapa wanafunga watu kwa hilo. Sikumwambia kwa ubaya, nilikuwa namhurumia. Wala hakusogea. Maji yalifika kwenye kiatu changu, yakawa baridi kuliko maji yoyote niliyoyagusa Baraka.

"Si ya kulia tu," akasema. "Ni ya mama. Iko ng'ambo, mu kambi. Kila magaribi anapika bukari ya batu bote, anatuwekea kila mutu sahani yake. Posho banamupa ni ya mutu moja. Sasa yeye anakula nini?"

Unaelewa hapo? Mama yake alikuwa akiwangojea. Unga wa posho, unaomtosha mtu mmoja kwa shida, anausonga bukari, ugali wetu, anaugawa kwenye sahani za wasiokuja, na yeye mwenyewe analala na maji. Nikamuuliza hao "bote" ni nani. Akawataja taratibu: mume wake Asukulu, watoto wao, mdogo wake wa kiume. Akasema, "Akisikia majina, atalia. Akishalia, atakula." Na mimi nina mama.

Nikamkumbusha desturi. Nikamwambia: hata nikikubali, ni lazima mwenye kuleta ajitaje kwenye mikro, na wewe ukijitaja watakutafuta leo hii hii.

Akanitazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyeuliza upuuzi.

"Miye banitafute wapi tena?"

Kwaya ikaisha. Taa nyekundu ikawaka. Naapa kwa kaburi la baba yangu, sikuwa nimekata shauri, la kusoma wala la kukataa. Yeye aliinama kwenye mikro, bega lake likigusa bega langu, nami nikaona midomo yake inacheza. Akasoma majina yote, moja moja, bila kulia. Kisha akasema: "Mwenye kuleta komunike ni miye, Apendeki, mutoto wa Mama Riziki. Tuko bote ndani ya maji ya mihogo, pale chini ya kijiji. Mama, usituwekee tena. Kula."

Nikageuka. Pembeni yangu hapakuwa na mtu, na mlango umefungwa. Na mimi, mjinga wa Mungu, mdomo ukaendelea wenyewe: na kesho, wasikilizaji, msikose mechi.

Papa Wilondja aliingia uso umekuwa majivu. Akaniuliza, "We mama, unataka batuue bote?" Nikamwambia si mimi, ni yule mwanamke. Akasema mwanamke gani. Alikuwa akinitazama kwenye kioo muda wote. Aliniona niko peke yangu, nimeinama, nasoma majina, tena kwa Kiswahili cha jikoni, mimi ambaye kwenye mikro sikuwahi kuacha Kiswahili safi hata nikipiga chafya. Nikamwonyesha sakafu. Maji yale aliyaona. Alichota kidogo kwa kidole, akanusa, akakaa chini. Mpaka anaingia kaburini hakuyakana yale maji.

Wenye bunduki walikuja hata grupu haijazimwa. Sitaeleza yote. Direkta aliwaambia kwamba hanijui vizuri, kwamba nilichukuliwa kwa majaribio tu. Miaka yote ile, majaribio! Walinipiga kitako cha bunduki mdomoni, meno ya mbele yakabaki pale pale chini ya blanketi za msaada, na redio ikafungwa. Walinitupa nje wakidhani sitaamka. Wamama wa soko ndio walioniokota, wakanificha kati ya magunia ya ndagala, wale samaki wadogo wakavu, wakanivusha ziwa.

Kambini, nilipoweza kusimama, nilimtafuta Mama Riziki. Sikuhangaika sana kumpata, kila mtu alimjua yule mama aliyekuwa akipikia watu wasiokuja. Nilimkuta chini ya shiti la plastiki, amenyoa kichwa, mikono imebaki mifupa. Sahani zilikuwa zimeoshwa na kupinduliwa, isipokuwa moja, na katika hiyo alikuwa anakula. Polepole, lakini anakula.

Nikamwambia mimi ndiye mtangazaji wa Baraka, niliyesoma komunike yake. Alisikiliza jinsi ninavyosema, na yale mapengo yangu, akatikisa kichwa.

"Hapana, mwanangu. Ile ilikuwa sauti ya Apendeki wangu. Miye nilimuzaa."

Halafu akaweka kando sahani yake, akapindua nyingine, akanipakulia. Nililia pale kama mtoto mchanga. Nilikuwa nimekwisha kujishawishi kwamba Papa Wilondja ana haki, kwamba ni mimi niliyepagawa kwa hofu. Sasa wewe niambie, mmoja anasema sauti ilikuwa yangu, mwingine anasema ya mwanawe, na wote wawili walisikia redio ile ile. Nimsadiki nani?

Vita ilipopungua tukarudi. Watu walikwenda chini ya kile kijiji, kwenye mabwawa ya mihogo, wakawakuta. Nani alikuwa amenieleza mimi mahali pale? Sijawahi kuteka maji kule, sina ndugu kule. Mficha maradhi, kilio humfichua, ndivyo wazee walivyosema, na ndivyo ilivyokuwa. Mama Riziki aliwazika kwa mikono yake. Aliishi kidogo baada ya hapo, na alikufa ameshiba, hilo ndilo jambo moja tu la kisa hiki linalonipa usingizi.

Mengine hayanipi. Komanda yule alirudi Baraka akiwa na tai shingoni na gari lenye bendera. Kukawa na redio nyingine, ya vijana, nao wakanialika kwa heshima, mama mkongwe wa kazi, niwasomee mambo ya wiki inayokuja. Nikavaa kitenge changu kizuri, nikaenda. Jambo la kwanza kwenye wiki lilikuwa sherehe ya maridhiano, mgeni wa heshima ni yeye, na maneno ya sherehe: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Si ndwele! Nilifungua mdomo kusoma, na harufu ya mihogo ikajaa chumbani, maji yakanigusa kisigino. Niliinuka, nikatoka, na kitenge changu kizuri, sikuaga mtu. Tangu siku hiyo sijasogelea mikro, na bukari ya muhogo haipiti kooni mwangu. Wanangu wananisongea ya mahindi, wanafikiri ni tumbo.

Basi wewe unayefanya kazi ya redio, au unayetamani kuifanya, sikia. Ukiletewa jina la marehemu, lisome. Mwenye bunduki atakupiga, lakini atachoka, ataona njaa, ataenda kula. Marehemu hachoki. Ukimfungia mlango atasubiri, na siku ile unayojiona una habari nzuri za mechi atajisomea mwenyewe, na mdomo atakaoutumia ni wako.

Na majina ya kijiji kile hayajasomwa yote. Ndiyo maana Jumamosi saa kumi utanikuta ufukweni, nimekaa peke yangu juu ya mawe, nimeelekea ng'ambo, midomo inacheza. Watu wanapita wakisema yule mama vita ilimharibu. Wewe usiseme hivyo, na usinisalimie. Simama kwanza usikilize, pengine jina linalosomwa ni la kwenu.