Mtoto wa Tabia wa Mchezoni

Tabia mke wa Jecha nilikaa naye mlango kwa mlango katika majumba mapya ya Kikwajuni, yale waliyoyajenga Wajerumani. Wanaosema alikuwa mjinga wananiudhi. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mkono wake mwepesi kwa kushona kofia za viua kuliko yetu sote, na hakujaliwa mtoto. Watu walimjua kwa hayo mawili, na la pili walilijua zaidi.

Kila baada ya sala ya alasiri tulikutana wanawake watano kwa Bi Kazija, kila mmoja na kofia yake ya kushona. Mikono ikishona, midomo ikicheza. Mchezo wenyewe tuliuita safari. Kila mtu alikuwa na mtu wake wa kubuni. Mimi nilikuwa mganga wa kiume, tena mlevi, na wallahi nilifurahi kuwa hivyo. Bi Kazija hakuwa na mtu, yeye ndiye aliyekuwa dunia nzima. Alitwambia tumefika wapi, nani katutokea, kasema nini. Sisi tukajibu tunafanya nini. Penye hatari tulirusha simbi nne, kauri za pwani, mkekani, na tatu zikilala kifudifudi umepona. Sharti lilikuwa moja tu: linalosemwa mchezoni halijibiwi nje. Ukitukanwa mle, meza.

Na kutukanwa tulitukanwa. Bi Kazija alijua siri ya kila nyumba, na kila siri ilipata njia ya kuingia safarini. Mume wa Mwatima, mmoja wetu, alipofukuzwa kazi, kesho yake mtu wa Mwatima alikutana njiani na ng'ombe dume anayekula tu, hataki kulima. Tulicheka mpaka sindano zikatuchoma vidole. Mwatima hakuja wiki nzima.

Mtu wa Tabia alikuwa mjane mwenye binti wa miaka saba, Wanu. Alimwomba Bi Kazija ampe mtoto, akapewa. Wanu alisema kwa kinywa cha Bi Kazija: kisauti chembamba, ukaidi, anataka kashata, anataka kubebwa. Bi Kazija kazaa saba, anajua mtoto anavyosema. Tabia akimjibu huku anashona, uso wote unacheka. Nyumbani kwake alimshonea kanzu, kanzu ya kweli ya kitambaa cha maua. Niliiona imekunjwa juu ya kitanda, nikaona aibu kwa niaba yake.

Mwaka wa sabini, mbele ya mnunuzi wa kofia zetu, Tabia aliteleza ulimi akasema kofia ya Bi Kazija imepinda. Kosa lake ni hilo tu. Kesho yake, safarini, Wanu alipotea sokoni. Tabia akarusha simbi mara kumi na moja, hakumpata.

"Angekuwa kamzaa, angemshika mkono," akasema Bi Kazija, na uzi akaukata kwa meno.

Tabia akakunja kofia yake akaondoka. Siku tatu nilimsikia akilia upande wa pili wa ukuta wangu.

Kaka yake, Usi, alikuwa fundi umeme, kafanya kazi na Wajerumani wale. Walipoondoka walimwachia sanduku la kufundishia, lenye swichi sita na taa nane. Walimwambia kwao kuna mashine za namna hiyo kubwa kama nyumba, zinapiga hesabu watu wamekaa, zinaitwa kompyuta. Usi akamuonea uchungu dada yake. Akaunganisha nyaya upya, akaandika vikaratasi, sanduku likawa safari ya kumtafuta Wanu. Swichi moja kulia au kushoto, nyingine kukimbia au kujificha, na kadhalika. Taa zikishawaka, unatafuta karatasi yenye taa hizo unasoma yaliyokupata.

"Hili halina kinyongo na mtu," Usi akamwambia. "Wewe na Bi Kazija mna yenu. Hili halikujui."

Mara ya tisa Tabia alisoma: Umempata mtoto wako. Alipiga kelele jengo zima likasikia. Nilikwenda mbio, akanikumbatia, na mimi nikacheka kama mwendawazimu. Kesho yake akabonyeza vile vile, akampata tena. Na kesho kutwa. Baada ya wiki mbili aliacha hata kusoma karatasi.

"Bi Mwanakhamis," akaniambia, "nnampata kila siku. Lakini haniambii neno. Nkimuuliza kashakula, taa zimewaka zile zile."

"Basi shukuru hafi," nikamwambia.

"Nnamtaka aseme."

Akarudi kwa Bi Kazija, akampigia magoti mkekani mbele yetu, akaomba radhi kwa ile kofia. Sote tulikuwa tunajua jambo ambalo Tabia halijui, na mumewe alikuwa katuapisha kwa msahafu tusimwambie. Bi Kazija alishika dini yake. Lakini aliona, na sisi tuliona vile vile, kwamba neno la mchezoni si neno, halivunji kiapo.

"Rusha," akasema.

Simbi zikalala kifudifudi zote nne.

"Mama!" kikaita kisauti kile.

"Naam, mwanangu! Naam! Ulikuwa wapi?"

"Nlikuwa kwa baba."

Tabia akatabasamu, akasahihisha kwa upole. "Wanu hana baba. Tulisema kafa."

"Hajafa. Yuko Chukwani. Kaoa, na mkewe ana mimba ya miezi mitano."

Tabia akatutazama mmoja mmoja. Mwatima akainamia kofia yake. Mimi nilikuwa natia uzi kwenye sindano na uzi haukuingia. Hakuna aliyesema si kweli, na hapo Tabia akajua ni Jecha anayesemwa. Nilidhani atapiga ukelele, au atamrukia Bi Kazija, na ningemsaidia. Alimeza tu.

"Ushakula, mwanangu?" akauliza.

"Nshakula, mama. Pilau ya arusi. Kapika Bi Mwanakhamis."

Tabia akanigeukia.

"Iliiva vizuri?" akaniuliza.

Nikamjibu iliiva.